Maswali ya Wasomaji: Roberto Clemente, mtoto wa mnyapara wa miwa

Toleo lililopita tulimtaja Roberto Clemente wa Puerto Rico, mchezaji wa besiboli aliyetoka kwenye mashamba ya miwa hadi kuwa nyota wa klabu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani, kati ya mashujaa wa michezo waliotokea familia za kipato cha chini. Ukurasa ulikuwa mmoja tu, na barua zilizorudi zimeujaza ukurasa huu na ziada. Dawati la michezo limejibu zile zenye maswali yanayojibika. Walioomba picha kubwa ya ukutani watuwie radhi.

Mwanangu wa darasa la sita amemchagua Clemente kwa insha ya "Shujaa Wangu". Ameandika kwamba alizaliwa fukara wa kutupwa, akilala njaa. Ni kweli? (Mzazi, Morogoro)

Hapana, na mwambie afute hilo la njaa kabla mwalimu hajaliona. Clemente alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 katika mtaa wa San Antón, mji wa Carolina, Puerto Rico, kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba. Baba yake, Melchor Clemente, alikuwa mnyapara wa wakata miwa. Mama yake, Luisa Walker, alifua nguo na kupikia wafanyakazi. Pesa ilikuwa haba na kazi nyingi, lakini nyumba ilikuwa na baba mwenye kazi, mama mwenye kazi na chungu kilichotoka jikoni kila siku. Mwenyewe alipokumbuka utoto wake hakuulilia.

Umaskini wake ulikuwa wa aina ambayo wasomaji wetu wengi wanaifahamu: chakula kipo, lakini kila kitu kinachozidi chakula lazima kitafutwe. Mfano wake maarufu ni baiskeli. Inasimuliwa kwamba alibeba debe la maziwa la jirani kila alfajiri kwa ujira wa senti, akaweka akiba miaka mitatu mpaka akanunua baiskeli kuukuu kwa dola 27. Mwanao akiinakili, apige hesabu kwanza. Kwa senti moja kwa siku, dola 27 ni siku 2,700, yaani zaidi ya miaka 7. Kwa hiyo ama ujira ulikuwa mkubwa zaidi, ama baiskeli ilikuwa ya bei nafuu zaidi, ama baba aliongezea. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa Clemente, wanaotia maji ni wasimulizi. Aandike kwamba alibeba maziwa ili anunue baiskeli, aishie hapo. Insha haitapungua nguvu.

Mlisema alianza kwa mpira wa matambara na gongo la mpera. Sisi ni klabu ya watoto, vifaa hatuna. Mpira huo unatengenezwaje ili usiwe kama chandimu? (Mlezi wa watoto, Mwanza)

Swali zuri, kwa sababu tofauti ipo. Mpira wa chandimu unataka wepesi na kudunda. Mpira wa besiboli unataka uzito na ugumu, la sivyo hauruki mbali na gongo halina la kupiga. Ule rasmi una uzito wa gramu 142 hadi 149, na mzingo wa sentimita 22.9 hadi 23.5. Hizo namba mbili ndizo za kufukuzia, na ugumu wote uko katika kuzipata kwa pamoja.

Anza na kiini. Chukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukate vipande vyembamba, uvizungushe mpaka upate kitonge cha sentimita 3 hivi, chenye uzito wa gramu 15. Usiweke jiwe. Jiwe huufanya mpira uyumbe hewani, na likichomoza kwenye kitambaa linang'oa meno. Kisha chukua fulana moja kuukuu ya pamba, ya mtu mzima, uikate utepe mmoja mrefu wenye upana wa sentimita 2 kwa kuzungukazunguka fulana badala ya kukata vipande vifupi, maana kila fundo ni uvimbe. Zungusha utepe juu ya kiini ukiuvuta kwa nguvu zote, na kila mizunguko kumi ugeuze upande. Fulana ya ukubwa wa kawaida inakaribia kutosha mpira mmoja.

Pima njiani kwa futi kamba ya fundi cherehani na mizani ya dukani. Ukiona mzingo umefika sentimita 23 na uzito bado ni gramu 100, umezungusha kwa ulegevu. Fungua, uanze upya, hakuna dawa nyingine. Ukiona uzito umefika na mpira bado mdogo, kiini ni kikubwa mno. Ukimaliza, vika soksi nzito na uishone kwa shazia na uzi wa fundi viatu, mishono mirefu ya kukatizana. Mpira wa dukani una mishono 108 ya nyuzi mbili. Wako ukipata 40 inatosha, ila mishono itokeze kidogo, kwani vidole vinashika hapo.

Adui mkubwa ni maji. Pamba hunyonya umande wa asubuhi na mpira ukaongezeka uzito bila macho kuona, halafu mtoto anaurusha kwa nguvu ileile na kiwiko ndicho kinacholipa. Ukilowa, uanikwe siku mbili. Usichezewe.

Mpera ni mti mgumu na unafaa gongo, lakini unapasuka ukikaushwa vibaya. Kata tawi lililonyooka, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili, uliache kivulini, si juani, kwa wiki kadhaa. Kwa mtoto wa miaka 11 au 12, urefu wa sentimita 76 unatosha, na kichwa chenye kipenyo cha sentimita 5, kwa sababu mpera ni mzito. Likizidi gramu 700 hivi, mtoto atachelewa kuuwahi mpira. Angalia nyuzi za mti sehemu ya mkononi: ziende sambamba na gongo. Zikitoka pembeni, litavunjika hapohapo, na kipande kitaruka. Glovu ya akina Clemente ilikuwa gunia la kahawa lililokunjwa. Gunia la katani linafaa vilevile, mradi kiganjani kuwe na tabaka nne au zaidi.

Timu ya kwanza ya Marekani iliyomsajili ilikuwa Brooklyn Dodgers. Ilikuwaje wakampoteza bure kwa Pirates? (Msomaji, Nairobi)

Si bure kabisa. Pirates walilipa dola 4,000, bei iliyowekwa na kanuni.

Mambo yalikwenda hivi. Mwaka 1952 Clemente, akiwa na miaka 18, alisajiliwa na Santurce, klabu ya ligi ya Puerto Rico, kwa dola 400 za kusaini na dola 40 kwa wiki. Februari 1954 Dodgers wakampa mkataba wa mshahara wa dola 5,000 na bakshishi ya kusaini ya dola 10,000. Hiyo bakshishi ndiyo iliyowaponza. Wakati huo kanuni ilisema kijana mpya anayepewa zaidi ya dola 4,000 lazima akae kwenye kikosi cha kwanza kwa miaka miwili. Asipokaa, mwisho wa msimu timu nyingine inaweza kumchukua. Lengo lilikuwa kuzizuia klabu tajiri zisirundike vipaji vyote kwenye timu zao za chini.

Dodgers walikuwa na walinzi wa uwanja wa nje wa kutosha, wakampeleka Montreal Royals, timu yao ya chini huko Canada. Kule alicheza michezo 87 tu. Hadithi iliyozoeleka ni kwamba alifichwa benchi ili wengine wasimwone. Ukichambua mchezo mmoja mmoja, picha inabadilika: kwa sehemu kubwa ya msimu alipangwa dhidi ya warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto na kuwekwa benchi dhidi ya wa kulia, utaratibu wa kawaida kwa mpigaji wa kulia aliye mgeni. Kufichwa au la, haikusaidia. Skauti wa Pirates, Clyde Sukeforth, alikwenda kumtazama mchezaji mwingine kabisa, mrushaji, akamwona Clemente akitupa mpira wakati wa mazoezi tu, na roho yake ikatulia hapo. Pirates walikuwa wamemaliza wa mwisho mwaka huo, kwa hiyo walichagua wa kwanza. Tarehe 22 Novemba 1954 wakamchukua. Kushika mkia nako kuna faida zake.

Naona mnaandika wastani wake wa kupiga ni .317. Namba hiyo ni ya nini, na kwa nini isiwe 31.7 kwa mia? (Mwanafunzi, Tanga)

Ni kitu kilekile. Ni desturi ya Wamarekani kuandika desimali tatu na kuacha sifuri ya mbele. Kokotoa mwenyewe: Clemente alipata mapigo salama 3,000 katika zamu 9,454 za kupiga. Gawanya 3,000 kwa 9,454, unapata 0.3173. Pigo salama ni lile ambalo mpigaji anafika besi (kituo cha kukimbilia uwanjani) bila walinzi kumtoa na bila wao kuboronga. Kuvuka 0.300 maisha mazima ni daraja la wachache sana, ijapokuwa maana yake ni kushindwa mara saba katika kumi.

Angalia mtego mmoja. Mrushaji akikosea mara nne na kumpa mpigaji besi ya bure, ile haihesabiwi kuwa zamu, wala haiongezi wala kupunguza wastani. Clemente alipokea besi za bure 621 tu katika michezo 2,433, idadi ndogo kwa mpigaji wa hadhi yake. Alipenda kupiga, hata mipira iliyopita pembeni ambayo mwalimu wa watoto angemgombeza mtoto kwa kuigusa. Hapo asiigwe. Yeye alikuwa na mikono ya kuirekebisha dosari hiyo. Mwanafunzi wa Tanga ana kila sababu ya kuuacha mpira mbaya upite.

Mataji yake ya mpigaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi kuu mbili za Marekani, yalikuwa manne: 1961 (.351), 1964 (.339), 1965 (.329) na 1967 (.357). Pigo la 3,000 alilipata tarehe 30 Septemba 1972, nyumbani Pittsburgh, dhidi ya mrushaji Jon Matlack wa New York Mets, akafika besi ya pili. Halikuongezeka jingine kwenye hesabu ya ligi. Mapigo aliyopata baadaye kwenye mtoano hayaingii humo.

Kila anayemsifu anasema "mkono". Mkono wake ulikuwa na nini, na kijana anaweza kujifunza kutupa vile? (Kocha wa shule, Kampala)

Tuanze na umbali, ndipo sifa zitaeleweka. Clemente alilinda uwanja wa kulia. Katika Forbes Field, uwanja wa Pirates hadi 1970, ukuta kwenye kona ya kulia ulikuwa mita 91.4 kutoka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji. Ukipiga hesabu ya pembetatu, kutoka kona hiyo hadi besi ya tatu ni mita 95 na ushei, pungufu kidogo tu ya urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Mpira unaotupwa na mkono wenye nguvu hasa huhitaji sekunde 3 na kitu kuumaliza umbali huo, na mkimbiaji anayetoka besi ya kwanza kwenda ya tatu ana mita karibu 55 za kukimbia huku akikata kona. Kwa walinzi wengi, mkimbiaji anashinda. Kwa Clemente wakimbiaji walijifunza kubaki besi ya pili. Pamoja na hayo alihusika moja kwa moja kuwatoa wapinzani 266 kwa mitupo kutoka uwanja wa nje, akaongoza ligi kwa hilo misimu mitano, na akashika tuzo ya Gold Glove ya mlinzi bora miaka 12 mfululizo, 1961 hadi 1972.

Shuleni alikuwa mtupa mkuki, na hiyo ni sehemu ya siri. Mkuki na mtupo mrefu wa besiboli vinatumia mnyororo uleule: mguu, nyonga, kiwiliwili, bega, kiwiko, halafu kiganja mwisho kabisa. Mtoto anayetupa kwa mkono peke yake anaanza mnyororo katikati.

Mfundishe kijana anayetumia mkono wa kulia namna hii. Asisubiri mpira; auendee akiwa tayari anasogea kuelekea lengo, audake upande wa bega la kutupia. Mguu wa kulia uruke kihatua kimoja mbele huku ukigeuka, kiasi kwamba ukitua, bega la kushoto linaangalia lengo. Wakati huohuo vidole viwili vinautafuta mshono ulipo mpana na kuushika kwa kuukatiza, dole gumba chini. Mguu wa kushoto unakanyaga kuelekea lengo, nyonga zinafunguka kabla ya bega, na mkono unapita juu, siyo pembeni. Mpira uelekezwe chini kiasi, udunde mara moja kama hatua kumi kabla ya besi. Mtupo wa juu unaotaka kufika bila kudunda hupoteza muda angani, na mwenzake wa katikati hawezi kuukatiza njiani.

Makosa matatu yatajirudia. La kwanza, kutupa kwa pembeni: mpira unapinda kuelekea upande wa mkono na kumkosa mlinzi wa besi kwa mita mbili. La pili, kiwiko kushuka chini ya bega: nguvu inapungua na maumivu yanaanza upande wa ndani wa kiwiko. Hapo mazoezi yasimame siku hiyo, hata kama kijana anasema anaweza. La tatu ni kuhesabu mitupo ya mechi na kusahau ya mazoezi. Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto, zinamruhusu mrushaji wa miaka 11 na 12 mirusho 85 kwa siku, na wa miaka 9 na 10 mirusho 75. Ziliwekwa kwa ajili ya mrushaji, ila kocha mwenye busara atamwekea kikomo na mlinzi wa nje anayefanya mazoezi ya mitupo mirefu. Mitupo 25 ya nguvu zote kwa siku ni mingi tayari.

Ule udakaji wake wa kiunoni, kiganja kikiangalia juu kama anayepokea sadaka, waachie wakubwa.

Nimesoma kwamba waandishi walimwita mlalamishi na mvivu wa kujisingizia ugonjwa. Shujaa gani huyo? (Msomaji, Zanzibar)

Waliandika hivyo, kweli. Sasa tazama mwili wenyewe. Desemba 1954, hata hajacheza mchezo mmoja Pittsburgh, dereva mlevi aliligonga gari lake huko Puerto Rico na kumuumiza uti wa mgongo. Maumivu yakakaa maisha yote; lile zoea lake la kuzungusha shingo kabla ya kupiga lilikuwa tiba, si mbwembwe. Mwaka 1965 aliingia msimu akitoka kuugua malaria. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa malaria inamwacha mtu akiwa vipi. Alimaliza msimu huo na taji la mpigaji bora.

Kilichowaudhi ni kwamba alisema. Alipoulizwa hali, alijibu hali, na magazeti yakaandika Kiingereza chake herufi kwa herufi kama kilivyotamkwa, ili wasomaji wacheke. Kadi za wachezaji zikambandika jina "Bob" ambalo hakulitaka. Mwaka 1960 Pirates walichukua ubingwa, yeye akapata pigo salama katika kila mmoja wa michezo saba ya fainali, na kwenye kura ya mchezaji bora wa ligi akawa wa nane. Alikasirika, na hatuoni kwa nini asingekasirika. Tuzo hiyo aliipata 1966.

Halafu ikaja fainali ya 1971 dhidi ya Baltimore Orioles. Mapigo 12 katika zamu 29, wastani wa .414, tena pigo salama katika kila mmoja wa michezo saba, na katika mchezo wa mwisho uliokwisha 2–1 aliuvusha mpira ukuta. Akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mbele ya kamera za Marekani nzima, kabla ya kujibu kwa Kiingereza, aligeukia Kihispania akawatakia wanawe baraka na kuwaomba wazazi wake radhi yao.

Tupeni mchezo mmoja tu wa kusimulia watoto. (Mwalimu, Bujumbura)

Tarehe 25 Julai 1956, Forbes Field, dhidi ya Chicago Cubs. Pirates wako nyuma 8–5, awamu ya tisa na ya mwisho, besi zote tatu zina wakimbiaji wao. Mrushaji mpya, Jim Brosnan, anaingia. Mrusho wake wa kwanza Clemente anaupiga mbali upande wa kushoto. Mpira haukutoka nje, unabingirika uwanjani. Wakimbiaji watatu wanafika nyumbani, pointi moja kila mmoja, sare 8–8. Kocha Bobby Bragan amesimama karibu na besi ya tatu, mikono juu, anamwashiria asimame: hakuna mpigaji aliyetolewa bado, mkimbiaji wa ushindi yuko salama hapo, kuna wapigaji wanaokuja. Kwa kanuni zote za ukocha Bragan alikuwa sahihi. Clemente akampita mbio, akajitupa nyumbani, 9–8, mchezo umekwisha.

Kwa nini alikufa kwenye ndege ya mizigo? Mtu maarufu kama yeye hakuweza kutuma watu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Alikuwa ameshatuma. Tetemeko liliibomoa Managua, mji mkuu wa Nicaragua, tarehe 23 Desemba 1972. Mwezi mmoja kabla alikuwa mjini humo akiifundisha timu ya Puerto Rico kwenye mashindano ya dunia ya ridhaa, kwa hiyo waliofukiwa walikuwa watu wa mitaa aliyoifahamu. Aliongoza uchangishaji nyumbani na mizigo ikaanza kusafirishwa. Habari zikarudi kwamba askari wanaipora misaada uwanja wa ndege. Akaamua kwenda mwenyewe, akiamini kwamba mbele yake hawatathubutu.

Ndege ndiyo iliyokuwa msiba uliosubiri siku. Ilikuwa DC-7, injini nne za pistoni, kuukuu. Mwanzoni mwa mwezi huohuo ilikuwa imetumbukia mtaroni ikitembea chini, mapanga ya injini mbili yakagota. Injini ya pistoni ikisimamishwa ghafla hivyo, mshtuko hurudi hadi kwenye mhimili wa injini na gia zake, na ufa mdogo ndani hauonekani kwa nje. Lazima ifunguliwe na kukaguliwa. Usiku wa Desemba 31 ilibebeshwa takriban kilo 1,900 juu ya uzito wake wa mwisho wa kuruka. Kwenye kiti cha rubani msaidizi alikaa mmiliki wa ndege, asiye na sifa za kuirusha aina hiyo, na hapakuwa na mhandisi wa ndege mwenye leseni. Ndege nzito inahitaji nguvu zote za injini katika dakika za kwanza, na ndizo dakika hizo injini mbovu hufa. Iliruka San Juan baada ya saa 3 usiku, rubani akaambia mnara kwamba anarudi, ikaangukia baharini karibu na ufuko. Watu watano wakafa. Mwili wa rubani ulipatikana. Wa Clemente, mpaka leo, haukuonekana. Manny Sanguillén, mdakaji wa Pirates, hakuhudhuria ibada ya kumbukumbu; alikuwa anapiga mbizi kumtafuta rafiki yake.

Kanuni ya Ukumbi wa Umaarufu, wanakoenziwa magwiji wa besiboli, ya kusubiri miaka mitano iliwekwa kando. Machi 1973 alipata kura 393 kati ya 424, akawa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini na Karibi kuingia.

Mchezo huu unachezwa wapi huku kwetu? (Msomaji, Dodoma)

Dar es Salaam kuna uwanja halisi wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Uganda ndiyo iliyotangulia kwa watoto: mwaka 2012 timu ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, jimbo lilelile la Pittsburgh. Mwaka mmoja kabla, watoto wa Kampala walifuzu wakanyimwa viza.

Jina lake sahihi ni lipi? Naona Roberto Clemente, Roberto Walker Clemente na Roberto Clemente Walker. (Msomaji, Mombasa)

La mwisho ndilo kamili. Kwa desturi ya Kihispania mtu hubeba ubini wa baba kwanza, kisha wa mama: Clemente wa Melchor, Walker wa Luisa. Wamarekani walidhani Walker ni jina la kati, wakaligeuza, na mwaka 1973 likachongwa kinyume kwenye bamba lake la Ukumbi wa Umaarufu huko Cooperstown. Hesabu herufi za Roberto, Clemente na Walker: 7, 8 na 6. Jumla ni 21, namba ya jezi yake, na inaelezwa kwamba ndivyo alivyoichagua alipoachana na 13. Bamba lilikaa na kosa hilo miaka 27. Mwaka 2000 likatengenezwa jipya, jina la mama likiwa mwishoni.